Kenya Law kwa anayefuatilia kesi za uchaguzi na uteuzi wa majaji: ni bure, ila ina mitego

Kenya Law ni tovuti ya Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ndani yake mna hukumu za mahakama zote za juu, sheria za nchi, Gazeti Rasmi la Serikali na kumbukumbu za Bunge. Kusoma hakulipiwi, na hakuna kujisajili. Tathmini hii inaipima kwa jambo moja tu: je, mtu aliyeketi kwenye matatu ya Umoja na simu mkononi anaweza kuitumia kujua mahakama iliamua nini hasa katika kesi ya kisiasa, bila kungoja msemaji wa chama amweleze? Anaweza. Naipa nyota nne kati ya tano, nayo ile moja iliyopungua nitaieleza, maana inawagusa watu wengi kuliko wanavyodhani.

Anza kwa kujifunza kusoma namba ya hukumu, kwa sababu ukiijua hiyo nusu ya kazi imeisha. Chukua hukumu ya Mahakama ya Juu kuhusu BBI (Building Bridges Initiative, mpango wa kubadilisha Katiba): [2022] KESC 8 (KLR). Mwaka uko kwenye mabano ya mraba. KESC ni Mahakama ya Juu ya Kenya. Nane ni namba yake katika hukumu na maamuzi ya mahakama hiyo mwaka huo, na KLR ni alama ya mchapishaji. Mahakama ya Rufaa ni KECA, Mahakama Kuu ni KEHC, na mahakama za mahakimu ni KEMC. Mfumo huu ni wa miaka ya karibuni. Hukumu za zamani zina mwaka na neno eKLR tu, kwa hiyo mwaka 2017 peke yake una maelfu ya hukumu zenye alama ileile, na hapo itakubidi utafute kwa jina.

Kutafuta kwa jina ndiko watu wengi wanakochoka. Ukiandika "Odinga" utaletewa kesi za 2013, 2017 na 2022, pamoja na nyingine nyingi zisizohusu urais hata kidogo. Usiandike "dhidi ya", kwa sababu majina ya kesi yameunganishwa kwa herufi v. Njia ya haraka ni kuacha kisanduku cha kutafutia, uingie sehemu ya hukumu, uchague mahakama, kisha mwaka, kisha mwezi. Mahakama ya Juu haitoi hukumu nyingi kwa mwezi, kwa hiyo orodha ni fupi na utaiona kesi yako kwa macho. Kwa Mahakama Kuu njia hii haifai, kwa kuwa orodha ya mwezi mmoja ni ndefu mno. Huko weka jina la mlalamishi wa kwanza pamoja na jina la jaji.

Jambo jingine ni kesi zilizounganishwa. Kesi ya urais ya 2022 ilikuwa petisheni saba zilizosikizwa pamoja, na iliyoongoza ilikuwa E005, wala si E001. Herufi E inaonyesha kesi ilifunguliwa kielektroniki. Ukiitafuta ile ya kwanza kwa jina la aliyeifungua, unaweza kudhani haikuamuliwa, kumbe imo ndani ya hukumu ya Odinga na wenzake.

Sasa mtego mkubwa wa kesi za urais. Katiba, kifungu cha 140, inampa anayepinga matokeo siku saba za kufungua kesi tangu matokeo yatangazwe, na inaipa Mahakama ya Juu siku 14 za kuisikiza na kuiamua. Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa Agosti 15, kesi zikafunguliwa kufikia Agosti 22, uamuzi ukasomwa Septemba 5. Hesabu hiyo haina hata siku moja ya ziada. Majaji hawawezi kuandika sababu zote ndani ya wiki mbili wakiwa pia wanasikiza mawakili na kusubiri ripoti za kuhesabiwa upya kwa kura, kwa hiyo hutoa uamuzi mfupi kwanza, halafu sababu kamili baadaye. Sababu za 2022 zilitolewa Septemba 26. Mwaka 2017 uamuzi ulikuwa Septemba 1 na sababu zikaja Septemba 20. Mwaka 2013 ilikuwa Machi 30, kisha Aprili 16.

Maana yake ni kwamba kila kesi ya urais ina hati mbili, na tovuti inaziweka kila moja peke yake. Anayefungua ya kwanza akaishia hapo amesoma matokeo bila hoja. Kwa 2022, hati ndefu ndiyo inayopitia masuala tisa yaliyowekwa na mahakama, moja baada ya jingine: kama teknolojia ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ilikidhi viwango, kama fomu 34A (za matokeo ya urais ya kila kituo cha kupigia kura) zilizowekwa kwenye tovuti ya tume zilitofautiana na zile zilizofikishwa Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, kama kuahirishwa kwa uchaguzi wa ugavana Mombasa na Kakamega kuliwazuia watu kupiga kura, kama mshindi alifikisha asilimia 50 na kura moja, na kadhalika. Mtu akikwambia mahakama "ilikataa tu kusikiza ushahidi" au "ilithibitisha kila kitu kilikuwa shwari", mwulize ni suala la ngapi kati ya yale tisa analolizungumzia. Hati ya 2017 nayo usiiache kabla ya kufika kwa majaji wawili waliopinga kufutwa kwa uchaguzi, Ojwang na Njoki Ndung'u. Walikuwa wanne kwa wawili, na hoja za wale wawili ndizo zinazokuonyesha jinsi ushahidi uleule wa fomu ulivyoweza kusomwa kwa namna nyingine.

Kesi ya BBI ina mtego wake, na ndiyo inayonukuliwa vibaya kuliko zote. Katika Mahakama ya Juu kila mmoja wa majaji saba aliandika maoni yake. Kwa hiyo mtu anaweza kunukuu aya ya kweli kabisa, kutoka hukumu ya kweli, yenye namba ya kweli, na bado akakudanganya, kwa sababu aya hiyo ni ya jaji mmoja aliyebaki peke yake katika suala hilo. Dawa yake ni kuisoma kuanzia mwisho. Nenda kwenye amri za mwisho zinazosema mahakama, kwa wingi wa kura, imeamua nini kwa kila suala. Hapo ndipo utakapoona kwamba Rais alizuiwa kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia ya mpango wa wananchi (ule wa kukusanya saini za wapiga kura), na papo hapo mahakama ikakataa ile hoja ya muundo msingi wa Katiba, kwamba kuna misingi isiyoweza kubadilishwa kwa marekebisho ya kawaida, iliyokuwa imekubaliwa na Mahakama Kuu mwezi Mei 2021 na Mahakama ya Rufaa mwezi Agosti. Hata lile swali la kama IEBC ilikuwa na idadi ya makamishna ya kutosha lilijibiwa kinyume na korti za chini. Kila upande wa kisiasa uliondoka na kipande chake, ukakitangaza kana kwamba ndicho kesi yote. Ukishajua amri za mwisho, rudi juu usome jaji mmoja mmoja, ukiandika pembeni ni nani anaongea.

Sehemu ya sheria za nchi ni nzuri, na ndiyo hatari zaidi kwa asiye mwangalifu. Mfano wa karibu ni siku 28. Katiba, kifungu cha 87, inasema kesi ya kupinga uchaguzi usio wa urais ifunguliwe ndani ya siku 28 baada ya IEBC kutangaza matokeo. Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 76, kama ilivyokuwa imeandikwa uchaguzi wa 2013 ulipofanyika, ilihesabu siku hizo 28 tangu matokeo yachapishwe kwenye Gazeti Rasmi. Gazeti huchapishwa siku kadhaa baada ya msimamizi wa uchaguzi kutangaza. Wakili aliyesoma sheria peke yake aliona bado ana muda. Katika kesi ya Joho na Shahbal kuhusu ugavana wa Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Februari 2014 kwamba kifungu hicho kilipingana na Katiba, na kwamba siku zinahesabiwa tangu msimamizi wa uchaguzi atangaze na kutoa cheti. Kesi iliyokuwa imefunguliwa ndani ya siku 28 za Gazeti, lakini nje ya siku 28 za tangazo, ikaanguka. Nyingine zikaanguka nayo, si kwa sababu kura zilihesabiwa sawa, ila kwa sababu ya kalenda.

Kwa hiyo ukifungua sheria ya uchaguzi, angalia kwanza ni toleo la tarehe gani, kisha chukua namba ya kifungu uitafute upande wa hukumu. Fanya hivyo hasa kwa marekebisho ya 2017, yaliyopitishwa baada ya uchaguzi wa urais kufutwa. Aprili 2018 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vyake, na nakala za zamani zenye vifungu hivyo bado zinazunguka kwenye simu za watu. Ukiona mtu anakutumia kifungu cha sheria ya uchaguzi kama picha bila tarehe, usikitumie kubishana na mtu yeyote.

Namba nyingine zinazofaa kukaa kichwani unaposoma kesi hizi: dhamana ya gharama ni shilingi 1,000,000 kwa kesi ya urais, 500,000 kwa mbunge au gavana, na 100,000 kwa mwakilishi wadi, na inalipwa ndani ya siku 10 baada ya kufungua kesi. Mahakama Kuu ina miezi sita ya kuamua. Rufaa ifunguliwe ndani ya siku 30, na iwe juu ya sheria tu, si kuhesabu ushahidi upya. Kesi nyingi zinazotajwa kuwa "zilitupwa na mahakama" zilitupwa kwenye moja ya milango hii, kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Hukumu yenyewe itakwambia ni mlango gani, kwa kawaida katika kurasa za mwanzo.

Kuhusu rufaa, tovuti inakusaidia nusu tu. Usitegemee kwamba kila hukumu itakuonyesha ilivyopinduliwa baadaye. Uchaguzi wa gavana wa Wajir wa 2017 ulifutwa na Mahakama Kuu Januari 2018 kwa suala la vyeti vya masomo, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Aprili mwaka huo, na Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi Februari 2019. Hukumu zote tatu zipo, zimepangwa vizuri, na kila moja inasomeka kama neno la mwisho. Ukimaliza kusoma hukumu yoyote ya Mahakama Kuu, tafuta majina yaleyale ya wahusika katika KECA na KESC kabla hujaamini. Kumbuka kwamba kwenye rufaa majina hugeuka: aliyeshtakiwa akishindwa, yeye ndiye anayetangulia.

Upande wa uteuzi wa majaji ndio ulionifurahisha zaidi katika huduma hii, kwa sababu hukumu, Gazeti Rasmi na Katiba viko mahali pamoja, na mzozo huu hauwezi kueleweka kwa kimoja tu. Katiba, kifungu cha 166, inasema Rais anateua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama, na ni Jaji Mkuu na naibu wake tu wanaohitaji kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mwaka 2019 tume ilipendekeza majina 41. Rais Uhuru Kenyatta hakuyateua. Februari 6, 2020, katika kesi iliyofunguliwa na wakili Adrian Kamotho Njenga, Mahakama Kuu iliamua kwamba Rais hana nafasi ya kuchagua nani wa kumteua na nani wa kumwacha. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita waliobaki, maana mmoja wa wale 41 alikuwa amefariki. Oktoba 2021 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa siku 14, na mzozo ukaendelea kwenye rufaa. Wale sita, wakiwemo George Odunga na Joel Ngugi, waliokuwa kwenye jopo la Mahakama Kuu lililoamua kesi ya BBI, waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022, siku alipoapishwa.

Fuatilia mnyororo huo kwenye tovuti kwa mpangilio huu: soma kwanza kifungu cha 166, halafu 171 kinachotaja watu 11 wanaounda tume na nani anamchagua nani, kisha hukumu ya Februari 2020, na mwisho matoleo ya Gazeti ya Juni 2021 na Septemba 2022. Gazeti ndilo linaloonyesha majina, na kutofautisha orodha mbili kwa macho yako ni bora kuliko kusikiliza mjadala wa redio wa saa mbili. Kifungu cha 171 kinasaidia pia kuvunja mazoea ya kuiga maneno ya Marekani, kwamba huyu ni "jaji wa rais fulani". Kule rais huteua, Seneti huthibitisha, na jaji wa Mahakama ya Juu hukaa maisha. Hapa mawakili, majaji wenyewe na mahakimu wanawachagua wawakilishi wao kwenye tume, na jaji anastaafu akifika miaka 70. Siasa haikosekani, lakini inapita kwenye mlango mwingine, na asiyeujua mlango huo atalalamika mahali pasipofaa.

Mfano wa karibu zaidi ni makamishna wapya wa IEBC. Julai 2025 Mahakama Kuu ilikataa kesi ya kupinga kuteuliwa kwao, lakini ikafuta tangazo la Gazeti la Juni kwa kuwa lilitolewa wakati amri ya mahakama ya kusimamisha ilikuwa bado inafanya kazi. Tangazo jipya likatolewa, wakaapishwa. Soma hukumu bila matangazo mawili ya Gazeti, na hutaelewa kwa nini kila upande ulikuwa na nusu yake ya kushikilia.

Kuna vitu usivyoweza kuvipata humu, na ni vema kujua mapema usipoteze bando. Hati za kiapo na vielelezo vya mawakili havipo, kwani tovuti inachapisha yaliyotoka kwa majaji, si yaliyopelekwa kwao. Amri fupi za muda, zile zinazopeperushwa mbele ya kamera nje ya mahakama za Milimani, Nairobi, mara nyingi hazifiki hapa mpaka uamuzi wenye sababu uandikwe. Fomu 34A nazo ni za IEBC. Mwaka 2022 tume iliziweka wazi kutoka vituo 46,229, na mtu makini husoma hukumu na fomu pamoja.

Hukumu ikikufikia kwa WhatsApp kama PDF, ikague hivi: tazama namba ya kesi, jina la mahakama, majina ya majaji na tarehe ya kutolewa mwishoni, kisha uitafute kwa mwezi huo kwenye tovuti. Kama haipo na wiki kadhaa zimepita, iache. Kama ipo, linganisha idadi ya aya. Aya zimepewa namba, na nakala iliyokatwa hujulikana hapo.

Kwa simu, fungua ukurasa wa maandishi badala ya kupakua PDF, kwa sababu ni mwepesi na unaweza kutafuta neno ndani yake. Kwa karatasi fikiria mara mbili: saiba ya katikati ya jiji ikikutoza shilingi 10 kwa ukurasa, hukumu ya kurasa 300 ni shilingi 3,000. Chapisha amri za mwisho na orodha ya masuala tu, hizo hazizidi kurasa kumi.

Ile nyota iliyopungua ni ya lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba, lakini Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa ni Kiingereza, na Kiswahili kimeachiwa mahakama za chini. Hukumu zinazoamua nani ataongoza nchi zinatoka katika lugha ambayo wapiga kura wengi hawaisomi kwa raha, na hilo ndilo linalowapa wasemaji wa vyama kazi. Tovuti haikutunga sheria hiyo. Lakini muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye masuala na amri za mwisho, kwa kila kesi ya urais na kila kesi ya uteuzi wa majaji, uko ndani ya uwezo wa shirika linalochapisha maelfu ya hukumu kwa mwaka. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na muhtasari wa hukumu za 2013, 2017 na 2022 ungeweza kuwa tayari hata kabla kampeni hazijaanza.